Chumba cha Mbele Kibaki cha Kushonea

Sogeeni karibu, wanangu, mmoja wenu arudishe huo mlango ili kelele za barabarani zisishindane na mimi, na wewe, kifungua mimba wangu, acha kunipangusa uso kila nikifumbua mdomo, maana nikipanguswa nasahau ninachotaka kusema. Nimewaita wote watatu mchana kweupe, akili zangu zikiwa timamu. Daktari ameniambia anachokijua, na mimi nimemwambia ninachokijua, na tumekubaliana kwamba hakuna haja ya kuzungushana. Anayetaka kulia alie, ila alie kwa adabu, asinizibe sauti, kwa sababu sauti yenyewe iliyobaki ni ya kubana matumizi.

Nianze na vitu, kwa kuwa vitu ni vyepesi. Nyumba hii ni yenu wote, hakuna mwenye chumba chake, na asiyekaa hapa asidhani amepoteza haki ya kuja kulala. Mwanasheria ameshaandika, sitarudia. Ile cherehani kubwa ya kukanyaga mpeni mwenzangu ninayeshona naye, maana ameitumikia kuliko nilivyoitumikia mimi, na kila ikigoma ni yeye anayejua pa kuigonga. Aendelee kushonea chumba cha mbele mpaka achoke mwenyewe. Vitambaa vya wateja vilivyomo kabatini vina majina yao, warudishiwe, hata wale wasumbufu. Na suti ya kijivu ya marehemu baba yenu mpeni baba yenu mdogo. Nimeshaipunguza mikono, maana yeye ni mfupi kuliko kaka yake ingawa hajawahi kukubali. Usinikunjie uso, binti yangu. Nimekuona. Suti ni yake, na utampelekea wewe, kwa mkono wako, ikiwa imepigwa pasi.

Sasa nije kwenye neno lenyewe.

Juzi mlidhani nimelala. Nilikuwa nimefumba macho tu, mwanga ulikuwa unaniumiza. Baba yenu mdogo alikuwa hapo chumba cha mbele, ameketi na wewe kitinda mimba wangu, na ukuta huu ni mwembamba, baba yenu aliujenga kwa haraka mvua zikiwa karibu. Nikasikia mnavyopanga. Picha yangu itundikwe pale inapokaa meza ya kukatia nguo. Chupa za mafuta ziwe na sura yangu. Watu waje waombewe kwenye chumba alimoombea Mama wa Upako, na mwombaji awe wewe, mwanangu, kwa sababu kipawa cha mama kimerudi kwa mtoto. Usiangalie chini. Sikukuita kukuumbua mbele ya ndugu zako. Ningetaka hivyo, ningekohoa siku ile ile, ungeona baba yako mdogo alivyo mwepesi wa kuruka dirisha.

Najua unaomba vizuri. Nimekusikia kanisani, watu wazima wanalia, na mimi mwenyewe nimelia. Hilo silipingi, na yeyote atakayekuambia huna kipawa atakuwa na wivu au ana masikio mabovu. Lakini habari za mama yako unazozijua ni zile alizokusimulia baba yako mdogo, kwamba nilipewa kitu kikubwa nikakiogopa. Wewe hukuwa umezaliwa. Dada yako alikuwa madarasa ya chini, na huyu kaka yako wa kati alikuwa bado anatambaa chini ya meza akila vipande vya bitana. Basi sikia na ya kwangu, halafu upime, wewe ni mtu mzima.

Tulikuwa na jirani mwashi. Alikuwa ghorofani anapiga lipu, akateleza akaanguka, akalazwa hajitambui. Mkewe alikuwa rafiki yangu, akaniomba nimsindikize hospitali. Madaktari walikuwa wamempasua kichwa na kumshona, wakatuambia tungoje. Nikamshika mkono yule mgonjwa, nikaomba maombi mafupi, kama ya kubariki chakula, kwa sababu nilikuwa nimechoka na kiti hakikuwepo. Mwashi akafumbua macho. Akaniona mimi wa kwanza, akasema, "Maji." Basi, ndiyo hivyo tu. Mpaka leo sijui kama ni maombi yangu, au ya mkewe ambaye alikuwa hajapata usingizi tangu ajali, au mikono ya wale madaktari, au Mungu aliyevitumia vyote kwa pamoja, na wala sihitaji kujua. Lakini mwashi alihitaji kujua. Alipotoka, kila ukuta aliousimamia kuujenga aliufanya mimbari: "Yule fundi cherehani amenivuta kutoka kaburini, na mguu mmoja ulikuwa umeshaingia."

Wakaanza kuja. Mwanzoni walikuja na kisingizio. Mtu analeta sketi ipunguzwe kiuno, akishapimwa anabaki amesimama, "Na pia mama, kama hutajali, niombee kidogo." Baadaye wakaacha kuleta sketi. Mimi nilimwombea kila aliyekuja, na kila mmoja nilimwambia maneno yale yale: nenda pia hospitali, na dawa usiache. Wengine walipona, kama watu wanavyopona. Wale ambao hawakupona hawakurudi kutuambia, na sisi hatukuwauliza.

Baba yenu mdogo ndiye aliyeleta viti vya plastiki. Kisha akaleta spika. Kisha akaniletea jina, hilo la Mama wa Upako, na msidhani nilikasirika. Hapa ndipo ninapotaka mfungue masikio, wanangu, wewe mdogo hasa. Sisi tumezoea kudhani jaribu litakuja usiku na sura ya kutisha, tulikemee likimbie. La kwangu lilikuja na mto wa kukalia. Mama mmoja aliona ninavyokaa kwenye stuli ngumu, akanishonea mto, mimi fundi nikashonewa mto! Bombani wakaanza kunipisha, nachota maji kabla ya watu waliofika alfajiri. Dukani nikiingia mazungumzo yanakatika. Hakuna hata kimoja hapo ambacho ni dhambi. Mto ni dhambi? Kupishwa bombani ni dhambi? Lakini siku moja mwanamke mgeni, asiyenijua, hakunipisha, na niliporudi nyumbani nilikuwa nimenuna mpaka jioni, sijui kwa nini. Ningekuwa macho ningejua kwa nini.

Na jambo jingine. Niliacha kuomba peke yangu. Zamani, kabla hamjaamka, nilikuwa nakaa jikoni nikingoja maji yachemke, naongea na Mungu kuhusu nyinyi, kuhusu wateja, kuhusu mgongo wangu. Nikaacha. Nilijiambia, naomba kutwa nzima, sasa niombe tena? Bwana wetu aliwasihi rafiki zake wakae macho pamoja naye, wakasinzia, na hawakusinzia kwa ubaya, walisinzia kwa uchovu, palepale karibu naye. Mimi nilisinzia nikiwa nimesimama, kipaza sauti mkononi.

Aliyeniona ni baba yenu. Mnamkumbuka, fundi bomba, mtu wa maneno machache kuliko spana zake. Alikuwa anakula, akaweka kijiko, akasema, "Mke wangu, siku hizi ukiomba kuna mtu mwingine anaongea." Nikamuuliza mtu gani. Akasema, "Simjui. Ana sauti nzito na anapenda sana kujisikia." Kisha akaendelea kula! Nililala nimemgeuzia mgongo. Nilimwona ananionea wivu. Mwanangu, ukiona mtu anayekupenda amekuambia neno la namna hiyo na neno la kwanza linalokujia ni kwamba anakuonea wivu, jua umeshalala fofofo.

Sasa baba yenu mdogo akaja na mpango wa mkutano mkubwa, Jumapili alasiri, turubai litandazwe kwenye ule uwanja wa nyuma, watu waje kutoka pande zote. Akaniambia, "Shemeji, neno moja tu nakuomba. Siku hiyo usiseme habari za dawa. Ukisema dawa unawapunguzia watu imani." Nikamjibu kwamba nitafikiria. Mimi, ambaye nilikuwa sijamaliza maombi hata mara moja bila kumwambia mtu asiache dawa, nikasema nitafikiria, na kweli nikaenda kufikiria.

Jumapili ikafika. Watu wamejaa, kwaya inaimba, mimi niko hapo chumba cha mbele nangoja kuitwa, nimevaa gauni jipya nililojishonea, na shingo yake niliidarizi vizuri, sitasema uongo. Mlango ukafunguliwa, akaingia muuza mboga wa sokoni na binti yake. Binti alikuwa na kisukari, anachomwa sindano kila siku, nilikuwa nimeshamwombea mara moja. Mama mtu anang'aa kwa furaha. "Mama wa Upako, nimetii! Sindano zote nimetupa. Shemeji yako aliniambia nikija na sindano mkononi nimekuja na mashaka moyoni."

Nikamtazama mtoto. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, kichwa ameegemeza ukutani, anahema haraka haraka kama aliyetoka kukimbia, midomo imekauka, na pumzi yake inanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Anaomba maji, anapewa, anaomba tena. Na baba yenu mdogo akaingia kwa mlango wa nyuma, akaona, akaninong'oneza, "Usimwombee hapa. Tumpeleke mbele ya watu. Huyu akiinuka mbele ya umati ule, Mungu atakuwa ametukuzwa mji mzima."

Sasa msikie nilichokisikia moyoni, kwa sababu hiki ndicho nilichowaitia. Sikusikia, "Mwache mtoto afe upate sifa." Shetani si mjinga wa kusema hivyo. Nilisikia, "Na je, kama kweli atainuka? Mungu anashindwa nini? Wewe ni nani wa kumwekea Mungu mipaka?" Lile wazo halikuja kama dhambi, wanangu, lilikuja kama imani. Lilikuwa na machozi ndani yake. Nikanyoosha mkono nimwinue tumpeleke huko nje.

Mkono ukashika kiuno cha sketi yake. Ilikuwa sare ya shule niliyoishona mwenyewe mwanzo wa muhula, nilimpima kwa mikono hii. Sasa ilikuwa imekunjwa nyuma na kubanwa na pini, kitambaa cha kiganja kizima kimezidi. Na ile pini ikanichoma kidole. Nikamwona mtoto. Kabla ya hapo nilikuwa naona muujiza unaokuja, na mtoto mwenyewe nilikuwa simwoni, niliyemshonea na ambaye alikuwa anaisha ndani ya nguo yangu. Nikashtuka kama mtu aliyeamshwa kwa kumwagiwa maji.

Nikasema, "Niitieni baba watoto." Baba yenu alikuwa nje anafunga bomba la maji ya wageni. Lile pikapu lililoleta viti lilikuwa limeegeshwa mlangoni, viti vingine bado vimo. Baba yenu hakuuliza swali, alipanda juu akavirusha viti chini kimoja kimoja, vinadunda barabarani, kwaya ikanyamaza kusikiliza ni kelele gani zile. Nikatoka nimembeba binti, nikasimama mbele ya watu wale, sina spika. Nikasema, "Jamani, mimi ni fundi cherehani. Namwomba Mungu kama nyinyi mnavyomwomba. Huyu mtoto anahitaji dawa sasa hivi, na yeyote hapa aliyeacha dawa kwa ajili yangu, arudi nyumbani akanywe." Mwanamume mmoja akapiga kelele, "Umemzima Roho!" Na baba yenu mdogo akanishika mkono wa gauni, akasema kwa sauti ya chini, machozi yanamlenga, "Shemeji, ukipanda gari hilo, usiniite ndugu tena." Alikuwa anaamini, wanangu. Hilo ndilo msilolijua. Hakuwa tapeli. Alikuwa amelala kuliko mimi, ndiyo tofauti yetu pekee.

Nikapanda. Nyuma ya lile gari nilikaa chini, kichwa cha binti kikiwa mapajani, mama yake ananikodolea macho kama mtu aliyesalitiwa, na njia yote niliomba bila sauti, hakuna aliyesikia, hakuna wa kusema amina. Yalikuwa maombi yangu ya kwanza baada ya muda mrefu.

Binti alipona. Hospitali walimweka wiki nzima. Yule mama mwenye watoto mapacha anayekuja kushonesha vitenge, anayewachekesha kwa mdomo wake mrefu, ndiye yule binti. Sikuwahi kuwaambia kwa sababu hilo ni lake kusema, na leo asubuhi nimemwomba ruhusa.

Nipeni maji. Kidogo tu. Inatosha.

Mnadhani baada ya pale nilikuwa salama? Thubutu. Wateja walinikimbia, mwashi akaacha kunisalimia, na mimi nikaanza kujisikia mtakatifu kwa sababu nimekimbiwa! Nikawa nasimulia jikoni jinsi nilivyokataa, na kila nikisimulia nilikuwa mrefu zaidi. Baba yenu akanisikiliza weee, akaniambia, "Yule mtu wa sauti nzito amerudi, safari hii kavaa nguo za unyenyekevu." Hapo tulicheka mpaka mkaamka. Ndiyo maana nawaambieni, kukesha si jambo la kufanya siku moja ukashinda ukaenda kulala. Mimi hapa, mifupa mitupu, jana nimetembelewa na mchungaji nikajikuta napanga maneno mazuri ya kufia. Nikajicheka peke yangu.

Binti yangu, lako ni kuwa sahihi. Uko sahihi mara nyingi, na ukiwa sahihi unakuwa mkali kama siki. Baba yako mdogo hujamsemesha tangu mazishi ya baba yako, na una sababu, na hizo sababu ndizo mto wako wa kukalia. Mpelekee suti. Wewe wa kati, chako unakijua na mimi nakijua, umekaa mbali na chupa kwa amani na bila kujitangaza, na sina la kukuongezea ila usipite njia ile ya zamani ukiwa na hasira. Pita hata kwa kuzunguka, hakuna anayekucheka.

Na wewe, kitinda mimba. Omba, mwanangu, usiache. Ombea watu mpaka uzeeke. Lakini uwe na mahali unapoomba ambapo hakuna anayekuona, na uoe mwanamke anayeweza kukucheka, na siku utakapoona unaogopa kuambiwa hapana, kimbia, usiage mtu. Chumba cha mbele kibaki cha kushonea. Sura yangu isiwekwe kwenye chupa yoyote. Umesikia?

Sema kwa nguvu, sisikii vizuri.

Umeshampa baba yako mdogo neno lako. Lini? Jumapili hii anatangaza. Mmm.

Basi kalirudishe. Hapana, si kesho. Leo, sasa hivi, chukua pikipiki ya kaka yako. Usimtumie ujumbe, nenda ukakae naye uso kwa uso, umwambie ni wewe uliyebadilika, usiseme mama kakataza. Najua. Najua, mwanangu, naona pumzi zangu kama unavyoziona wewe. Inawezekana usinikute. Lakini ukikaa hapa kunishika mkono, utafanya kitu kizuri ili usifanye kilicho sawa, na leo ndiyo umeelezwa mchezo huo ulivyo. Ukimwambia akikasirika, usijibizane naye. Ukimwambia akilia, kaa naye mpaka amalize, alinilelea watoto hawa wawili nilipokuwa nimelazwa, mtu yule.

Piga magoti hapa kwanza. Nyote watatu. Mkono wangu hauinuki, wewe binti uinue uuweke. Mungu aliyenivumilia awavumilie. Awape kazi za mikono, na watu wa kuwaambia ukweli. Akiwaona mnasinzia, awaguse... taratibu kama inawezekana, na kama haiwezekani, kwa pini. Asimpoteze hata mmoja. Baba, na Mwana... malizieni nyinyi.

Amina.

Haya, nenda. Nenda, baba. Vaa na kofia ya pikipiki.

...Ameondoka? Sijasikia mlio. Ah. Huo.

Msiniambie nipumzike. Nitapumzika. Fungueni ule mlango sasa, nisikie mwenzangu anavyoshona. Anakanyaga haraka mno... mwambieni uzi utakatika...

Kaeni hapa. Kaeni macho na mimi kidogo.